Yah: Malalamiko ya Kunyang'anywa Usukani Angani

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekaa siku tisa nikingoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, ila nitajitahidi kuilinda heshima yenu na yangu.

Mimi na mkufunzi wenu wa urubani tulikuwa kwenye zoezi la nane, lile ambalo ndege inapanda na kushuka huku ikigeuka hadi pua yake ichore namba nane iliyolala kwenye upeo wa macho, futi 3,500 juu ya ardhi. Zoezi lile halitaki nguvu wala pupa. Pua inapanda, bawa linalala kidogo kidogo, spidi inapungua, na mkono hautulii hata sekunde moja. Nimelihangaikia kwa wiki nyingi. Siku hiyo likakubali. Nilifika nyuzi 90 za kugeuka, pale juu kabisa: bawa la kulia limelala nyuzi 30, pua inakata upeo wa macho, mguu wa kulia umekandamiza pedali, kampira ka kwenye kipimo cha kuonyesha kama ndege inateleza pembeni kametulia katikati ya mistari yake miwili. Hapo ndipo mkufunzi wenu alipoupora usukani. Hakusema neno. Aliusukuma mbele kwa nguvu hadi kalamu ikaruka kutoka pajani pangu ikagonga dari. Kisha akasema, "Unanichosha."

Kabla ya hapo alikuwa amenikataza hata kugeuka kulia na kushoto kukagua kama kuna ndege nyingine karibu. Eti tunapoteza muda.

Nairudia ile sekunde, asije mtu akawaambia kwamba alikuwa ananiokoa. King'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege hakikulia. Sikuwa nimepotea njia, sikuwa nimezidisha mlalo. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye usukani na yeye akausukuma wake, watu wawili ndege moja, tena pale ambapo spidi iko chini kuliko mahali pengine popote katika zoezi zima. Utaratibu wa kukabidhiana mnaujua, maana ninyi ndio mlionifundisha siku ya kwanza: mmoja anasema anauchukua, mwenzake anajibu auchukue, wa kwanza anathibitisha. Maneno matatu mafupi. Hakulisema hata moja. "Unanichosha" alipata muda wa kulisema.

Akarusha yeye hadi tulipotua, dakika 40. Mmenitoza saa nzima. Na kwenye kitabu changu cha saa za kuruka ameandika kwamba zoezi nimelishindwa. Nilipolalamika mapokezi niliambiwa, "Ndivyo alivyo, utamzoea." Simzoei.

Naomba nirudishiwe malipo ya saa ile na nipangiwe mkufunzi mwingine. Naomba pia maandishi yale yasahihishwe, kwa sababu mtahini atayasoma. Na kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi: nataka barua ya kuomba radhi yenye sahihi yake, na nataka asipande na mwanafunzi mwingine yeyote mpaka mmemkalisha chini juu ya kukabidhiana usukani.

Nawapa siku saba. Zikipita kimya, barua hii itakwenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na nakala ya ukurasa ule, nami nitadai kurudishiwa malipo ya masomo yote yaliyobaki.

Wenu,
Mwanafunzi wa urubani