Tufundisheni kuwakohoza wagonjwa wetu kabla hamjaturuhusu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Namuuguza mdogo wangu huku Old Moshi, mwaka wa 2 sasa, alidondoka kwenye mparachichi akaumia uti wa mgongo hapa shingoni, miguu haiendi kabisa, mikono inanyanyuka kidogo ila vidole havishiki kitu.

Hospitali iliyompokea siitaji kwa jina maana manesi walihangaika naye sana na mengi walitufundisha, mpira wa mkojo, kumgeuza kila masaa 2 asipate vidonda, kumhamishia kwenye kiti. Ila kuhusu kifua hakuna aliyetuambia neno. Siku ya 9 tangu turudi nyumbani akaanza kukoroma kifuani kama birika inayochemka, sisi tukajua mafua, mama akachemsha tangawizi. Kumbe makohozi yamejaa. Usiku huo tukamrudisha na bajaji, nimonia, midomo imeshabadilika rangi, akawekwa oksijeni.

Kule wodini ndo binti mmoja wa fizio, hawa wa mazoezi ya viungo, akatukalisha akatueleza. Anasema ule msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu unapata amri kwa neva zinazotoka shingoni, usawa wa pingili ya 3 mpaka ya 5, na mdogo wangu kaumia chini kidogo ya hapo ndo maana anapumua mwenyewe. Lakini misuli ya mbavu na ya tumbo inapata amri huko chini mgongoni, na hiyo ndo mtu anakoholea. Sasa yeye hewa anavuta ila kuitoa kwa nguvu hawezi, kikohozi chake hata kibatari hakizimi, makohozi yanakaa hukohuko mpaka yanaleta ugonjwa.

Akatuonyesha sasa. Unaweka kiganja katikati ya kitovu na mbavu, anavuta pumzi ndefu, na pale pale anapokohoa unasukuma kwa ndani ukipandisha juu, mkienda pamoja, ukichelewa kidogo tu umeshamuumiza bure. Mara ya kwanza niliogopa nikasukuma kama nakanda maandazi, binti akacheka akanishika mikono yangu akasukuma na mimi. Likatoka kohozi zito la kijani sijawahi kuona. Ila jamani msijaribu kwa kusoma hapa, aliyevunjika mbavu au ambaye mgongo haujatulia hafanyiwi hivi hivi, na sio akiwa ametoka kula, mfundishwe kwanza.

Kitu kingine, akikaa kwenye kiti alikuwa anahema kuliko akilala, sisi tukadhani anadeka! Kumbe tumbo lisilo na nguvu linaning'inia na ule msuli wa kupumulia unakosa egemeo. Sasa tukimkalisha tunamfunga tumbo, mama anatumia khanga kama anavyofunga wazazi, na anapumua vizuri. Mtori hatumlishi tena akiwa amelala chali, na kitanda tulikihamisha kutoka kile chumba kinachopakana na jiko la kuni.

Kila jioni namwambia ahesabu kwa pumzi moja. Siku nzuri anafika 20 na kitu, siku akiishia 12 najua kuna jambo hata kama homa bado, siku hiyo simsubirii asubuhi. Desemba ndo naogopa zaidi maana watu wote wanapanda kutoka Dar na kila mtu anataka kuja kumpa pole na mafua yake, mwaka jana niliwasimamisha mlangoni wajomba wawili wakanuna mpaka leo, wanune tu.

Ombi langu kwa hospitali ni moja, ndugu wa mgonjwa wa uti wa mgongo asipewe karatasi ya kuruhusiwa mpaka amkohoze mgonjwa wake mbele ya fizio na fizio aseme sawa. Ni nusu saa tu, haina dawa wala mashine.

Na hii ya chanjo naomba wahusika wanijibu hapahapa gazetini. Watoto wetu wanachomwa ya nimonia kliniki. Mimi nilipoulizia ya mtu mzima aliyepooza nikaambiwa dirishani hiyo ni ya watoto, nikasukumwa nimpishe anayefuata. Sasa mtu mzima kama huyu akachomwe wapi na ni shilingi ngapi?

Msomaji wako,
Old Moshi