Usinunue Kadi ya Waifai Bado

Manyatta, Kisumu
Jumapili jioni

Kwako Mwalimu Baraka,

Salamu kutoka huku ziwani. Mama Neema na watoto hawajambo, ila joto halituachi hata usiku. Jana simu ilikatikakatika nikashika nusu tu ya maneno yako, lakini hiyo nusu ilinitosha: unafunika laptopu, unaenda darasani, ukirudi ukiifunua waifai hakuna, na sasa fundi wa hapo Nakuru anataka akuuzie kadi mpya ya waifai, kile kifaa kidogo cha ndani kinachoshika mtandao. Ndugu yangu, usitoe hata ndururu kabla hujasoma barua hii.

Mimi nilitoa. Ilikuwa wiki ya kuingiza alama, na unajua wiki hiyo ilivyo. Kila nikitoka kula mchana, nikirudi nakuta pale chini kulia ile alama ya waifai imegeuka tufe. Simu yangu mezani, kwenye waifai hiyo hiyo, inacheza video bila taabu, kwa hivyo ruta haikuwa na neno. Nikafika kwa fundi mmoja mjini. Akaigeuza chali, akaifungua, akasema kadi imekufa. Shilingi 2,500, kadi na kazi. Siku ya tatu nikaifunika, nikaifunua: tufe lile lile.

Aliyenifumbua macho ni binti wa jirani, anasomea kompyuta Maseno. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia kwamba laptopu ukiifunika hulala, na ikilala huvikatia stima vifaa vyake vingi, kadi ya waifai ikiwemo, ili betri idumu. Ikiamka inapaswa kuirudishia kadi stima, na draiva, yaani ile programu ndogo inayoongea na kadi, iamke nayo. Sasa draiva nyingine haziamki vizuri. Ni kama yule mwanafunzi wa bweni aliyepitiwa na usingizi kengele ikigongwa: jina liko kwenye rejista, sanduku liko bwenini, ila darasani hayupo. Ukimnunulia kiti kipya umesaidia nini?

Fanya hivi. Weka mshale kwenye kitufe cha Start, ubonyeze upande wa kulia wa kipanya, uchague "Device Manager". Fungua "Network adapters", utafute jina lenye neno "Wireless" au "Wi-Fi", ulibonyeze mara mbili. Juu ya kidirisha kitakachofunguka kuna mahali pameandikwa "Power Management". Ndani yake utakuta kisanduku chenye tiki, kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Ondoa tiki, bonyeza OK. Halafu ifunike, ukanywe chai, uje uifunue. Yangu ilishika mtandao kabla sijaketi. Betri italiwa kidogo zaidi ikilala, lakini mimi hilo nalivumilia kuliko kuhangaika na tufe mbele ya mwalimu mkuu.

Hapo "Power Management" pengine hutapaona, hasa kama laptopu yako ni ya juzijuzi. Nyingi za sasa hulala kwa mtindo mwingine na hapo mahali pamefichwa. Usianze kuchokora ndani zaidi. Tazama modeli iliyoandikwa chini ya mashine, uende kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, uchukue draiva ya waifai ya modeli hiyo hiyo. Utaniuliza utaipakuaje na mtandao hauna. Unganisha simu kwa waya wa chaja, uwashe kwenye simu ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Waya hauihitaji kadi ya waifai hata kidogo. Na kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, kwenye kidirisha kile kile, upande wa "Driver", kuna "Roll Back Driver" ya kurudi kwa draiva ya zamani.

Jambo moja lilinifanya nibishane na yule binti hadi Mama Neema akatutuliza. Mimi nilikuwa naizima laptopu kila jioni nikiamini inaamka upya. Kumbe sivyo! Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, ukiizima kwa "Shut down" kwa kawaida kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski, na asubuhi kinarudishwa vile vile ili iwake haraka. Draiva iliyolala imechanganyikiwa inaweza kuamka na mchanganyiko wake. Ukitaka ianze upya kabisa, bonyeza "Restart". Na ukiwa na haraka, kwenye "Device Manager" izime kadi kwa "Disable", kisha uiwashe tena kwa "Enable". Hapo huhitaji hata kuanzisha mashine upya.

Ile kadi yangu "iliyokufa" nilimwomba fundi anirudishie. Tumeiweka kwenye laptopu ya mwalimu wa hesabu, ambayo haikuwa na waifai kabisa, na inafanya kazi hadi leo. Yeye anaiita zawadi. Mimi naiita 2,500 yangu.

Nitumie picha ya hicho kidirisha kesho ukipata nafasi kabla ya somo la kwanza, nione kama una hiyo sehemu ya "Power Management". Msalimie Mama Imani, na umwambie samaki wetu ngege wa ufuoni Dunga bado wanamngoja likizo ya Agosti.

Wako,
Mwalimu Odhiambo