Mkitupatia dawa za PCOS tuambieni na habari ya tumbo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi dawa za PCOS, ule ugonjwa wa homoni za kike unaovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai, maana wanawake wengi huku Mombasa wanaziacha kimya kimya, na si ukaidi, ni tumbo tu. Ukienda kliniki hedhi imepotea miezi, chunusi tele, vindevu kidevuni, wapigwa skani na damu yapimwa, waambiwa ni PCOS halafu waandikiwa metformini, ile dawa ya wenye sukari. Famasi wakupa pakiti imeandikwa 1x2, basi, anayefuata! Ukifika nyumbani mama mkwe aisoma, ashauliza kwani una sukari wewe? Hakuna aliyekueleza kwamba wengi wenye PCOS miili yao haiisikii vizuri insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, na dawa yasaidia hapo.

Sasa hilo tumbo. Mie nakaa Likoni kazi yangu iko kisiwani, zile siku za mwanzo nameza tembe asubuhi na chai ya rangi tupu natoka mbio, kufika pale feri tumbo laanza kunguruma, na ukishaingia kwenye banda la kungojea watu wamekubana huku na huku geti bado halijafunguliwa, jasho lanitoka, nasoma dua zote nizijuazo na choo kiko ng'ambo. Mdomoni nasikia chuma kama nimelamba sarafu. Cheka tu, lakini wangapi waivumilie hiyo kila asubuhi?

Na ni jambo lajulikana na lina njia zake. Muuguzi mmoja ndiye aliyenikalisha chini akanieleza: huanzwa na kidogo, kawaida mg 500 mara moja kwa siku, pamoja na chakula au umemaliza tu kula, kisha huongezwa polepole wiki kwa wiki, na wengi tumbo hutulia lenyewe. Likikataa kabisa, muulize daktari ile tembe ya kuachia dawa kidogo kidogo, haisumbui sana, ila humezwa nzima usiivunje wala kuitafuna. Maelezo yote dakika mbili hayakufika.

Wanaoitumia miaka nao wapimwe vitamini B12 maana yaweza kushuka, ukaanza ganzi miguuni na uchovu usioisha ukadhani ni uzee. Na jambo lingine ambalo watu hawasemi, metformini yaweza kurudisha mayai kupevuka, kwa hivyo wewe uliyeambiwa huzai na hujapanga kuzaa sahi, waweza kushika mimba, ongea na daktari mapema. Zaidi sana kama umepewa pia spironolaktoni ya vindevu, hiyo haifai kabisa ukiwa na mimba.

Kwa sisi tunaofunga, msingoje mwezi uandame ndio mkimbilie kliniki, nendeni kabla mpangiwe dozi ya futari na ya daku. Nanyi wa famasi, kalamu mnazo, ongezeni maneno mawili tu pale juu ya pakiti: baada ya kula.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa