Shangazi, ujumbe wa mchango wa ngoma nimeupata

Shikamoo Shangazi.

Ujumbe wa mchango wa ngoma ya mwali nimeuona: vitenge, mchele, wapiga ngoma wa kutoka Maneromango. Salamu hukuweka, wala sikushangaa. Tangu siku ile ya kituo cha afya tunapitishiana maneno kwa mama kama majirani waliogombania mpaka wa shamba, na simu yangu hupokei. Basi naandika hapa hapa, binti zako watakusomea. Wakiruka mistari utawajua kwa sauti zao.

Kwanza nikushukuru kwa kumlea mtoto wa binti yetu. Mimi huku Dar nalala usingizi wangu, wewe ndiye unayemwogesha, unayempikia uji, unayembeba mgongoni mama yake akiwa shule. Ule uamuzi wa serikali wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani, bila mgongo wako kwetu ungebaki tangazo la redioni. Hukungoja kuombwa. Ulisema tu, "Mleteni hapa." Hilo silisahau, na yeyote akikusema vibaya mbele yangu tunagombana.

Lakini na lile la kituo cha afya silisahau.

Nilimpeleka binti yetu kabla hajapata mimba, alasiri, saa walizotengewa vijana ili wasipishane na mama zao wakubwa waliokuja kliniki. Chumba cha nyuma, pazia, nesi mmoja aliyefunzwa kazi hiyo. Hakumuuliza binti yetu "umeolewa?" wala "mama yako anajua?" Alimuuliza jina, akamuuliza ana shida gani, akanyamaza akasikiliza. Binti alieleza mwenyewe, Shangazi, maneno ambayo hata mimi hakuwa amenieleza yote. Akaonyeshwa njia za kuzuia mimba: vidonge, kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, sindano, kondomu, akachagua sindano ya miezi mitatu kwa kuwa kijiti kinashikika mkononi na wewe una macho kwenye vidole.

Ukaingia. Nani alikupigia simu, Mungu anajua. Hukusalimu mtu. Ukamshika mkono mbele ya wavulana waliokuwa kwenye benchi, ukasema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto: "Mjukuu wangu si malaya wa kudungwa sindano!" Nesi akainuka, akakuita mama, akakupisha kiti chake. Ukamwambia akazae kwanza ndipo afundishe watu. Binti akatoka anaangalia miguu yake, na mwaka uliofuata akawa na tumbo, kidato cha tatu.

Na ungekuwa mtu mwingine ningenyamaza. Wewe! Wewe uliyetuweka ndani tulipovunja ungo, ukatufundisha kwa nyimbo mambo ambayo hapa siwezi kuyaandika, mchana kweupe, huku bibi wakipiga vigelegele. Hedhi, usafi, kiuno, namna ya kumpokea mume. Aibu ya kuyasema hukuwa nayo hata chembe, na nakusifu kwa hilo. Ila hukutufundisha namna ya kusema sitaki, wala namna ya kuzuia. Nesi yule alikuwa anaanzia pale pale ulipoishia wewe.

Ulisema sindano inaharibu kizazi. Ungekaa kile kiti ungejibiwa. Ni kweli ukiacha sindano mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata mwaka, na hedhi hutibuka ukiwa unaitumia. Kuchelewa si kuharibika. Angekwambia pia kwamba sindano haizuii virusi vya Ukimwi, kwa hiyo kondomu haiachwi. Hakuficha ubaya wa dawa yake. Wangapi wetu tunaouza kitu tunafanya hivyo?

Ukasema bado mtoto, miaka kumi na sita. Sawa. Lakini posa ilipokuja, nani alikuwa wa kwanza kusema Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia? Nilikwambia Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Nikakwambia kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Ukanijibu kuwa majaji hawajui shida za nyumba yetu. Kwa hiyo kwa mume alikuwa mkubwa, kwa nesi akawa mtoto. Nifafanulie hapo, maana mimi nimeshindwa.

Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walishapata mimba. Ule wa 2015 na 2016 walikuwa 27. Inapungua, na mimi naamini manesi kama yule wanachangia.

Nyumbani mnasema mimi ndiye niliyemfungulia njia. Njia alikuwa ameshaipita, ndiyo maana akanifuata. Ulitaka nimpeleke wapi, kwa mganga? Au duka la dawa la uchochoroni, anunue vidonge asivyovijua? Na unaposema nimevunja mila, hebu hesabu vizuri. Mila inasema mwenye kuzungumza na binti ni shangazi yake. Shangazi yake ni mimi, dada wa marehemu baba yake. Wewe ni bibi.

Sasa ni zamu ya mdogo wake kuchezwa ngoma. Vitenge nitanunua Kariakoo, rangi uliyoitaka, na mchele nitatuma. Wapiga ngoma sitawalipa mpaka nesi apewe asubuhi moja na mwali, wawili tu, bila mtu kusikiliza dirishani. Sisemi akae badala yako. Uanze wewe na nyimbo zako zote, yeye afuate. Nimemuuliza, yuko radhi, anachoomba ni usimfukuze. Na kabla ya kumweka ndani, ulizeni shuleni kama alipata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni bure, kwa wa miaka 9 hadi 14, na siku hizi dozi ni moja.

Nijibu kwa simu yangu. Mama amechoka kutumwa.