Uthabiti wa gridi haupimwi kwa picha za saa moja moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuzimika kwa umeme nchini Kenya yamejikita katika swali moja, nalo ni iwapo tuna megawati za kutosha. Swali hilo ni la haki, lakini si kila giza huletwa na upungufu. Gridi inaweza kuwa na mitambo ya kutosha na bado ikaanguka katika muda wa sekunde chache, kwa sababu vidhibiti vyake vimeshindwa kuirejesha katika mwendo wake baada ya mtikisiko. Hilo ni suala la uthabiti, na naomba nafasi nieleze kwa nini namna iliyozoeleka ya kulichunguza haitoshi tena.

Jenereta za mvuke za Olkaria na za maji za Gitaru zina rota, yaani sehemu zinazozunguka, ambazo ni nzito na huzunguka kwa kufuatana na masafa ya gridi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), yaani hezi 50, na nishati iliyomo katika mzunguko huo ndiyo inayotupa muda wa kupumua pindi mtambo mmoja unapokatika ghafla. Mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, hutegemea vifaa vya kielektroniki na haifungamani na masafa hayo kwa namna ile ile. Umeme tunaonunua Ethiopia nao huja kwa mkondo mnyoofu (DC), usiobadili mwelekeo, na kugeuzwa kuwa mkondo geu (AC) kabla ya kuingia gridini. Vyote viwili huishia kituo cha Suswa. Usiku, mahitaji yanaposhuka na upepo wa Turkana ukivuma kwa nguvu, sehemu kubwa zaidi ya umeme hutoka katika vyanzo hivi, na inesha ya gridi, yaani ukinzani wa rota hizo nzito dhidi ya mabadiliko ya mwendo, hupungua.

Tuchukulie kwamba megawati 300 zimepotea kwa ghafla. Ikiwa rota zote zilizounganishwa zina nishati ya megajuli 7,500, masafa yataanza kushuka kwa hezi 1 kila sekunde. Zikiwa na nusu ya hiyo, yatashuka kwa hezi 2. Kidhibiti kilichorekebishwa kwa hali ya kwanza huenda kikachelewa katika hali ya pili. Isitoshe, umeme unaopita kati ya mitambo miwili hufuata saini (sine, ile ya trigonometria) ya pembe iliyo kati ya rota zake, kwa hiyo pembe ikivuka nyuzi 90, kuiongeza hupunguza umeme badala ya kuuongeza. Huu si mfumo wa mstari mnyoofu, na tabia yake hubadilika kila saa.

Desturi ya wahandisi, nami nikiwa mmoja wao, ni kuchagua nyakati chache, kwa mfano kilele cha jioni na usiku wa manane, kuugandisha mfumo katika kila wakati kama anayepiga picha, na kukagua thamani za aigeni za matriksi yake, yaani namba zinazotolewa na jedwali la milinganyo ya mfumo na kuonyesha kama mtikisiko mdogo utafifia au utakua. Sehemu halisi za thamani hizo zikiwa hasi, mfumo huhesabiwa kuwa thabiti. Hapo ndipo ninapotaka wasomaji watulie kidogo. Upo mfano maarufu katika nadharia ya udhibiti, wa matriksi ya safu mbili inayobadilika kwa muda, ambayo sehemu halisi ya thamani zake za aigeni ni hasi 0.25 wakati wote, bila kuyumba hata mara moja. Kila picha inasema mfumo ni salama. Hata hivyo, kosa dogo la mwanzoni laweza kukua hadi takriban mara 148 baada ya sekunde 10. Hatari imejificha katika mpito wenyewe, mahali ambapo picha haifiki.

Ni kweli kwamba mabadiliko yakiwa ya polepole vya kutosha, ukaguzi wa picha huaminika. Lakini upepo hauahidi upole huo, wala kukatika kwa laini hakuuahidi. Njia ya uhakika zaidi ilionyeshwa na mwanahisabati Mrusi Aleksandr Lyapunov tangu mwaka 1892: tafuta kipimo kinachofanana na nishati, kisha uthibitishe kwamba kinapungua katika mwendo wote wa mfumo, huku kikibaki ndani ya mipaka isiyotegemea saa. Kwa gridi kubwa, kukipata kipimo hicho ni kazi ngumu, na mara nyingi itabidi kuongeza majaribio ya kompyuta yanayofuata mpito mzima, sekunde kwa sekunde.

Sasa laini ya kilovolti 400 imetuunganisha na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida, na mtikisiko wa upande mmoja unaweza kuvuka mpaka. Naomba ripoti inayotolewa kwa umma baada ya kila kuzimika itaje inesha ya gridi ilikuwa kiasi gani saa hiyo, masafa yalishuka kwa kasi gani, na vidhibiti vilikuwa vimewekwa vipi. Naomba pia kwamba mtambo wowote mpya usiunganishwe mpaka uchunguzi wake uwe umepita katika vipindi vya mpito, na matokeo yake yawekwe mahali ambapo vyuo vyetu vya uhandisi vitaweza kuyakagua.

Mhandisi wa mifumo ya udhibiti,
Nakuru