Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Saa Ambazo Ratiba Haizionyeshi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa sayansikimu,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka. Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vimefanyika kama katiba inavyotaka, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe, na wenye madeni ya ada wanajijua. Muda uliobaki nautumia kwa kazi iliyotushughulisha kuliko nyingine zote mwaka huu, ya kuandika yale anayoyafanya mwalimu wa somo letu kabla kengele haijalia na baada ya wanafunzi kuondoka.

Ombi letu kwa wakuu wa shule halijabadilika: vipindi viwili vinavyofuatana, na muda wa maandalizi unaohesabiwa kuwa ni kazi. Ila ombi tupu halisikilizwi, ndiyo maana safari hii tumelifungia hesabu.

Chukua darasa la wanafunzi 24 wanaooka keki ya kawaida katika makundi ya wanne wanne. Kila kundi linatumia unga gramu 100, sukari gramu 100, siagi gramu 100, mayai 2 na kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda. Makundi 6 yanataka gramu 600 za kila kitu na mayai 12. Ongeza fungu la mwalimu la kuonyeshea, inakuwa gramu 700 na mayai 14, kisha weka mayai 2 ya akiba, kwa sababu yai likidondoka sakafuni kundi zima linakaa kutazama wenzake. Siagi na mayai vitoke kwenye friji saa moja kabla. Siagi ngumu haishiki hewa inaposagwa na sukari, na mayai ya baridi hukata mchanganyiko ukaonekana kama maziwa yaliyoganda.

Kupima nako kufanyike mapema. Makundi 6 yakipanga foleni kwenye mizani moja, kila kundi dakika 3, dakika 18 zimekwenda kabla hata bakuli moja halijakorogwa. Wanaokwepa foleni kwa kutumia kikombe wajue hatari yake. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa unga uliochekechwa, kwa kijiko, na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu, kinabeba karibu gramu 120. Kikichotewa moja kwa moja kwenye mfuko kinaweza kufika 150. Robo hiyo iliyozidi ndiyo inayoleta keki kavu, halafu lawama anabebeshwa mwanafunzi kwamba hakukoroga vizuri.

Sasa saa. Oveni iwashwe dakika 15 hadi 20 kabla, ifike nyuzi 180. Onyesho dakika 10, kuchanganya 20, kuoka 25, kuonja na kutathmini 10, usafi 15. Jumla 80. Mkuu wa shule akisema kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, msibishane naye. Mwonyesheni kwamba kuchanganya na kuoka peke yake ni dakika 45, na hapo hakuna aliyeosha hata mwiko.

Keki iliyozama katikati isitupwe. Huenda mlango ulifunguliwa kabla haijashika, bekingi pauda ilizidi, au ilitolewa haijaiva. Iliyopasuka juu ikatoa kilima imepigwa na moto mkali, au bati lilipandishwa rafu ya juu. Kamati inaona dakika 10 za kuchunguza keki mbovu mezani zinafundisha kuliko kusifia iliyotoka vizuri, na tumependekeza alama za tathmini zitolewe kwa maelezo ya sababu, si kwa sura ya keki.

Upande wa ushonaji, lalamiko lililorudi mara nyingi ni uzi kufanya vishada chini ya kitambaa. Kila mtu hukimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Anaifungua, anaifunga, anageuza skrubu yake mpaka anaiharibu. Kasoro mara nyingi iko juu. Uzi ulipitishwa wakati mguu unaokandamiza kitambaa umeshushwa. Hapo visahani vinavyokaza uzi vimefumba, uzi umepita juu yake badala ya kuingia katikati. Inua mguu, toa uzi wote wa juu, upitishe upya tangu mwanzo. Kisha shusha mguu na uvute uzi kwa vidole. Ukiwa mgumu, umeingia. Ukitoka laini kama mwanzo, rudia, na skrubu ya bobini iachwe ilivyo.

Cherehani ikiruka mishono, anza na sindano: imepinda, imechoka au imegeuzwa. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani upande bapa wa shina la sindano huelekea nyuma, ila zipo za zamani zinazotaka uelekee pembeni, kwa hiyo soma kitabu chake kabla ya kubahatisha. Namba 70 ni ya vitambaa laini, 80 na 90 za pamba ya kawaida, 100 ya jinzi. Sindano hubadilishwa baada ya kama saa 8 za kushona. Cherehani ikifanya kazi mfululizo, hayo ni madarasa 6 tu ya dakika 80, na sote tunajua sindano zilizokaa tangu mwaka juzi. Vumbi la uzi chini ya bobini litolewe kwa brashi kila wiki. Baada ya tone la mafuta, shona kwanza kipande cha kutupa, la sivyo doa litakaa kwenye kazi ya mtihani ya mtoto wa watu. Na mkasi wa kitambaa usikate karatasi, hata mara moja, hata mkuu wa shule akiuomba.

Kuhusu usalama nasema machache. Aliyeungua awekewe maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupaka yaondoke kabisa kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mafuta yakiwaka kikaangoni, zima jiko na funika kwa mfuniko, usimwage maji. Uvujaji wa gesi hutafutwa kwa povu la sabuni. Kiberiti kikae mbali.

Mwaka huu tena tumesikia somo letu likiitwa la mapishi na vitambaa. Jibu fupi ni Ellen Swallow Richards, mkemia wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuhitimu MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1873. Ndiye aliyepima maji ya Massachusetts, na ndiye aliyeongoza mikutano ya Lake Placid, jimbo la New York, kuanzia 1899 ambako somo hili lilipata jina na mtaala. Shirikisho la kimataifa la fani yetu lilianzishwa Fribourg, Uswisi, mwaka 1908. Mwenye haja ya kubishana aanzie hapo.

Jambo la mwisho ni madaftari. Mwalimu aliyefundisha somo hili miaka 30 ana daftari lenye mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: oveni ya pili huzidi nyuzi 20 kuliko inavyoonyesha, kwa hiyo iwekwe 160, cherehani ya dirishani hukata uzi kwa sababu bamba la sindano limechubuka, bomba la kona hutoa maji dhaifu, basi kundi la kuosha lianzie upande mwingine, mwanafunzi anayetumia mkono wa kushoto akae mwisho wa meza asigongane na jirani. Anapostaafu, daftari linakwenda nyumbani pamoja naye, na anayempokea anaunguza keki muhula mzima akijitafuta kosa.

Kamati imeandaa daftari la makabidhiano lenye kurasa nne: oveni na majiko, cherehani, stoo, na mambo ya chumba. Nakala ziko kwa katibu. Wanaostaafu mwaka huu tunawaomba waanze na ukurasa wa oveni, wapime kila moja kwa kipimajoto baada ya dakika 20 za moto, waandike tofauti kwa penseli. Kipimajoto cha chama kinaazimwa kwa wiki moja, na aliyekichukua muhula uliopita akirudishe.