Karatasi kwanza, panga baadaye: barua kwa vijana wanaofufua kiwanja chetu, Tanga

Wanangu,

Shikamoo zenu nilizipokea Jumamosi ile mliponipita barazani na mapanga begani. Marahaba. Nilipowauliza mnakwenda wapi mkanijibu, "Kiwanjani, babu," nilidhani mnanitania. Pale miaka yote hii ni vichaka, mifuko ya plastiki na mbuzi wa watu. Wengine wenu hamkuwahi kukiona kikichezewa. Mwaka 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara, kila mtoto wa mji huu alijiona mchezaji wa uwanja wa Mkwakwani, na jioni pale hapakuwa na pa kukanyaga.

Kufyeka sitawafundisha. Nina wasiwasi na jambo jingine. Kiwanja kikiwa kichaka hakina mwenyewe. Kikianza kung'aa tu, wenyewe wanaota kama uyoga. Ujanani tuling'oa visiki mahali pengine, tukasawazisha kwa majembe, tukacheza msimu mmoja. Masika iliyofuata tukakuta bikoni, alama ya mpaka ya wapima ardhi, imesimikwa palepale tulipokuwa tunaanzia mpira. Tukaenda kulalamika, tukaulizwa: "Mna nini mkononi?" Tulikuwa na malengelenge. Leo pana nyumba, na ukuta wenye vipande vya chupa juu.

Kwa hiyo kabla hamjarudi na mapanga, wawili wenu waende kwa mtendaji wa mtaa, kisha mipango miji pale halmashauri ya jiji, waombe kuuona mchoro wa eneo letu. Likiwa limeandikwa eneo la wazi au la michezo, ombeni nakala. Mwombeni na mwenyekiti alifikishe jambo hili kwenye mkutano wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, muhtasari ugongwe muhuri. Mkiambiwa njooni kesho, nendeni kesho. Na asitokee mgombea wa kuwanunulia jezi akabandika jina lake getini. Uchaguzi ukipita, hamtajua kiwanja ni cha nani.

Sasa ardhi. Msikimbilie nyasi. Ngojeni mvua moja kubwa, msimame pale mtazame maji yanatuama wapi. Katikati painuliwe kidogo kuliko pembeni, mtaro uchimbwe upande wa bondeni. Halafu ukoka, huuhuu unaoota bure kando ya barabara: katakateni vipande vyenye vifundo, pandeni masika inapoanza, na mpira msubiri mpaka ushike. Hapo ndipo mtakapogombana, nawajua.

Msihangaike kutafuta mita 105 kwa 68 za viwanja vikubwa. Sheria za mchezo zinakubali urefu wa mita 90 na upana wa 45, pale petu panatosha. Pembe mzipate kwa kamba: mita 3 upande huu, 4 upande ule, na 5 ya mshazari ikikutana nazo, kona yenu imenyooka. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, na nguzo zifukiwe chini kabisa, maana watoto watabembea tu hata mkiwakataza, na goli la kuegeshwa huangukia mtu. Chokaa msishike kwa mikono mitupu, inaunguza, na machoni ni hatari zaidi.

Njia ya kina mama waendao sokoni inakata ile kona ya mwembe. Msiizibe usiku mmoja. Nendeni mkawaeleze, muisogeze nyuma ya goli. Mwenye mbuzi naye mpigieni hodi kwa adabu. Na mabinti wapangiwe siku zao za kucheza. Nimewaona wamebeba ndoo za maji tangu asubuhi, sijasikia mtu akiwataja kwenye timu.

Jumamosi nitakuja. Magoti hayaniruhusu kuinama, lakini kamba ninayo, na mwavuli. Yule aliyeazima jembe langu la mpini mfupi alirudishe, simtaji.

Babu yenu wa barazani